Kura ya HÖK: wanafunzi wa Hungaria wana ridhaa au wana maoni tu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya pili hapa Szeged, Hungaria, kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum. Wiki hii nimepata ujumbe kwenye Neptun, mfumo wa chuo wa mtandaoni, unaonitaka nipige kura kuchagua kitu kinaitwa HÖK. Wenzangu wananiambia niachane nacho, eti ni mambo ya Wahungaria na kazi yao ni kuandaa disko tu. Halafu dada yangu ameolewa Kecskemét. Binti yake ana miaka 16, yuko technikum, shule ya ufundi, na darasa limemchagua kuwa mwakilishi wao. Mama mtu hana raha, anahofu mtoto ataonekana mkorofi na kampuni ya kumfundisha kazi itamkataa. Je, wanafunzi huku wana nguvu yoyote ya kweli, au ni maua ya mezani?"

Marahaba, mwanangu. Piga kura. Nalisema mapema kwa sababu dirisha la kupiga kura hufungwa baada ya siku chache, na barua yangu hii ni ndefu.

Tuanze na jina, maana lina kichekesho chake. HÖK ni kifupi cha hallgatói önkormányzat. Mwanafunzi wa chuo kikuu kwa Kihungaria ni hallgató, yaani "msikilizaji", yule aliyekaa ukumbini kumsikiliza profesa. Mwanafunzi wa sekondari na wa ufundi ni diák. Önkormányzat nalo ni neno lilelile wanalotumia kwa utawala wa mji, tunaouita sisi halmashauri. Kwa hiyo umeitwa kuchagua halmashauri ya wasikilizaji. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye tramu, watu wakanitazama.

Kama umetokea Dar es Salaam, kichwani mwako "serikali ya wanafunzi" ni DARUSO: kampeni, mabango, mgombea juu ya meza. Mkenya ana picha ileile, ingawa tangu marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 kwao wanafunzi huchagua wajumbe kwanza, na wajumbe ndio huchagua viongozi. Huku usitegemee vuvuzela. Wagombea wa HÖK mara nyingi utawaona kama picha ndogo kwenye skrini na mistari mitano ya Kihungaria chini yake. Kimya hicho ndicho kinachowafanya wenzako wadhani hakuna kitu. Lakini nguvu ya mwanafunzi wa Hungaria iko kwenye karatasi, na karatasi hizo ndizo ninazotaka kukuonyesha.

Sheria ya elimu ya juu inayotumika ni ya mwaka 2011, ile yenye namba CCIV. Inasema kila mwanafunzi wa chuo ni mwanachama wa HÖK, anaweza kuchagua na kuchaguliwa. Haibagui pasipoti. Wewe ni mwanachama tangu siku ulipoandikishwa, hata kama hukuwahi kujaza fomu yoyote. Sheria hiyohiyo inaipa HÖK viti kwenye seneti ya chuo, visivyopungua asilimia 20 ya wajumbe wote na visivyozidi 25. Seneti ya watu 40 itakuwa na wanafunzi wanane hadi kumi. Hawashindi kura peke yao, lakini maprofesa wakigawanyika katikati, wanafunzi ndio wanaoamua mzani uende wapi. Maprofesa hugawanyika mara nyingi kuliko unavyodhani.

Viti vya seneti, hata hivyo, si kiini cha habari. Kiini ni neno egyetértés, yaani ridhaa. Ukitaka kujua uzito wa chombo chochote cha wanafunzi, huku au kwetu, uliza swali moja: kina ridhaa au kina maoni? Chenye maoni huandika barua. Barua inapokelewa, inagongwa muhuri, inaingia kwenye faili, na mambo yanaendelea kama yalivyopangwa. Chenye ridhaa, bila sahihi yake jambo halipiti. Kwa sheria ya 2011, HÖK ina ridhaa katika kanuni tatu: ya ada na posho, ya mitihani na masomo, na utaratibu wa wanafunzi kuwapima walimu wao. Yaani pesa, mitihani, na mwalimu. Niambie mwanafunzi ana shida gani nyingine duniani.

Nikupe mfano nilioushuhudia kwa macho, katika kitivo nitakachokiacha bila jina. Huku mtihani wa somo moja hauna tarehe moja. Kipindi cha mitihani huchukua majuma kadhaa, mwalimu huweka siku kadhaa, na mwanafunzi huchagua yake kwenye Neptun. Utajionea mwezi wa 12: saa nafasi zinapofunguliwa, bweni zima liko macho, kila mtu na kompyuta yake mapajani, na tarehe nzuri huisha ndani ya dakika chache kama tiketi za mechi ya Simba na Yanga. Anayeshindwa mtihani huhitaji tarehe ya pili, na kama nafasi zimejaa, amekwama. Kitivo kilileta rasimu ya kanuni mpya: ada ya kutofika kwenye mtihani uliojiandikisha ipande. Hoja yao haikuwa mbaya, maana wapo wanaoshika nafasi na kuziacha tupu. Mwakilishi wa HÖK, binti mfupi mwenye sauti ya chini, alisema jambo moja tu: ada ipande, sawa, lakini kanuni iandike pia kwamba nafasi zinazofunguliwa lazima zizidi idadi ya waliosajili somo. Makamu mkuu wa kitivo akasema hilo litazungumzwa mwakani. Binti akafunga daftari lake akasema, "Basi na ridhaa yetu itakuja mwakani." Hakupiga kelele. Rasimu ilirudi baada ya wiki tatu, na kifungu cha nafasi kimo ndani.

Hiyo ndiyo HÖK ikifanya kazi. Sasa nikueleze kwa nini kura yako, wewe usiyejua hata kutamka jina la mgombea, inahesabika.

Sheria imeweka sharti: HÖK haiwezi kutumia haki zake kama katika uchaguzi wake hawakushiriki angalau asilimia 25 ya wanafunzi wa kutwa, wale wa nappali, yaani wanaosoma muda wote. Robo. Chukua chuo chenye wanafunzi 12,000 wa kutwa: wanahitajika 3,000. Wakipiga kura 2,900, hakuna HÖK halali, na ile sahihi niliyokusimulia haina mwenyewe. Ndiyo maana utaona upigaji kura unarefushwa, ujumbe unatumwa mara tatu, na vijana wamesimama mlangoni mwa kantini na sinia za zsíros kenyér, mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na kitunguu chekundu juu, wakimwuliza kila apitaye kama ameshapiga. Kama wewe ni Mwislamu, au mafuta ya nguruwe tu hayakupandi, chukua kitunguu uendelee na safari. Kura haina masharti ya mkate.

Angalia sasa hesabu hiyo inavyowageukia wageni. Wanafunzi wa kigeni wa kutwa wanahesabiwa kwenye ile jumla inayotakiwa kutoa robo. Kitivo chenye wageni wengi, kama vile vya udaktari, wageni wasipopiga kura wanaongeza mzigo bila kusaidia kuubeba. Kwa hiyo mwenzako anayesema "hayanihusu" hajakaa pembeni. Ameketi upande wa wanaotaka robo isifike, awe anajua au hajui.

Nisikupambie lakini. Wapo wanaoita HÖK genge la marafiki, na si uzushi mtupu. Robo ikitosha, watu mia mbili waliopangana vizuri huweza kurithishana uongozi miaka na miaka. HÖK hushiriki katika kugawa posho za kijamii na nafasi za mabweni, na penye kugawa pana kupendeleana. Mwaka 2013 magazeti ya Hungaria yalifichua kwamba viongozi wa HÖK ya kitivo kimoja cha Budapest walikuwa wakihifadhi orodha za wanafunzi wapya zenye maelezo ya dini na misimamo yao ya kisiasa. Aibu ile haijasahaulika. Na disko nalo ni kweli: kambi ya wanafunzi wapya, gólyatábor, huandaliwa na wao. Gólya ni korongo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huku huitwa hivyo. Mimi nilipelekwa kambini nikiwa korongo mwenye umri wa miaka 29. Nililala mapema.

Kuna jambo zito zaidi ya disko, na linakigusa chuo chako moja kwa moja. Ridhaa ni nguvu mradi kanuni zinaamuliwa kwenye meza uliyoketi. Vipi meza ikihamishwa?

Kuanzia Corvinus mwaka 2019, na kwa kasi kubwa mwaka 2021, vyuo vikuu vingi vya serikali ya Hungaria vilikabidhiwa kwa taasisi za wakfu zinazoongozwa na bodi za wadhamini. Szeged na Debrecen vimo. ELTE ya Budapest ilibaki nje. Chini ya mfumo huo bodi inaweza kuchukua mambo yaliyokuwa ya seneti: bajeti, kanuni za uendeshaji, na neno la nani awe mkuu wa chuo. Wale wanafunzi wanane au kumi bado wameketi senetini, ila maamuzi mazito hupikwa kwenye jiko jingine.

Walioligomea hili wazi ni wanafunzi wa chuo cha sanaa za maigizo na filamu cha Budapest, SZFE. Bodi mpya iliyoongozwa na Attila Vidnyánszky ilianza kazi tarehe 1 Septemba 2020, seneti ikiwa imeshaporwa madaraka yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanafunzi waliliteka jengo. Walifunga utepe wa rangi nyekundu na nyeupe mlangoni, ule wa kuzuia watu kupita penye hatari, na utepe huo ukageuka alama yao mji mzima. Siku chache baadaye, Septemba 6, maelfu ya watu walishikana mnyororo kutoka chuoni hadi mbele ya bunge, wakipokezana mkono kwa mkono karatasi ya madai. Walikaa ndani zaidi ya miezi miwili na kutoka mwezi Novemba masharti ya korona yalipokazwa. Hawakushinda. Wengi waliondoka na walimu wao wakaanzisha jumuiya ya Freeszfe. Ninachokitaja kwako ni kwamba hawakuwa wanadai ada ishuke. Walidai kurudishiwa meza.

Bei ya mfumo huo ililipwa baadaye na wengine. Desemba 2022 Baraza la Umoja wa Ulaya liliamua kwamba taasisi hizi za wakfu zisipewe mikataba mipya ya fedha za Umoja huo, kwa hofu ya migongano ya maslahi kwenye bodi, ambako waliketi hadi wanasiasa. Erasmus+ imo humo. Serikali ikaanzisha mpango wake wa kuwapeleka wanafunzi nje, Pannónia, mwaka 2024. Ukisikia wenzako wa Kihungaria hapo Szeged wakilalamikia Erasmus, ndiko malalamiko yalikotoka.

Na Szeged yako ina haki ya kujivuna katika mambo haya. Tarehe 16 Oktoba 1956 wanafunzi wa hapo walijitoa kwenye umoja wa vijana wa chama tawala wakaunda chao, MEFESZ. Siku sita baadaye wenzao wa chuo cha ufundi cha Budapest waliandika madai yao, na tarehe 23 maandamano yakageuka mapinduzi yaliyotikisa nchi. Miaka 32 baada ya hapo, Machi 30, 1988, vijana 37 walikutana katika bweni la wanafunzi wa sheria la Bibó na kuanzisha umoja mwingine wa vijana usiotaka kuamriwa na chama. Waliuita Fidesz. Mmoja wao alikuwa Viktor Orbán. Ndiyo, haohao walioziweka zile bodi. Watu waliowahi kuwa viongozi wa wanafunzi wanajua vizuri ni meza ipi ya kuhamisha.

Kwako wewe binafsi, mlango ulio karibu zaidi si seneti. Umoja wa HÖK zote za nchi, HÖOK, ndio unaoendesha mtandao wa washauri wa wanafunzi wa Stipendium Hungaricum. Yule kijana aliyekutumia ujumbe kabla hujapanda ndege, pengine akakupokea na kukupeleka kununua laini ya simu, ni mtu wao. Mwulize nani kwenye HÖK ya kitivo chako anashughulikia mambo ya nje, külügyes wanamwita, na kama kikao kijacho kitakuwa na mtu wa kutafsiri. Vikao huendeshwa kwa Kihungaria, na huo ndio ukuta halisi, kwa sababu haki unayo lakini huielewi ikizungumzwa. Nenda na swali moja lililoandikwa, si kumi. Na fomu ya kuwapima walimu itakapotokea mwisho wa muhula, OMHV, ijaze. Ni sehemu ya zile kanuni tatu, na inachukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Tuje kwa mpwa wako, ambaye nadhani ndiye aliyekufanya uniandikie.

Shule za ufundi ziko chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika 2020. Iligawa njia mbili: technikum ya miaka mitano, inayomaliza na mtihani wa kuingia chuo pamoja na cheti cha ufundi, na szakképző iskola ya miaka mitatu. Mwanzoni fani zilipangwa 174 katika sekta 25. Halmashauri yao inaitwa diákönkormányzat, na hapa ndipo lile swali langu linapouma, maana watoto hawa wana maoni. Zamani, chini ya sheria ya 1993, shule haikuweza kupitisha kanuni zake za nidhamu bila ridhaa ya wanafunzi. Sheria ya elimu ya 2011 ikaiondoa ridhaa, wakabaki na maoni. Wanachokiamua wenyewe kabisa ni mambo yao ya ndani na siku moja ya mwaka isiyo na masomo, ambayo ratiba yake ni yao. Shule nyingi siku hiyo humchagua "mkuu wa shule" wa kuigiza kutoka miongoni mwa wanafunzi. Mwambie dada yako kwamba mwakilishi wa darasa huku haonekani mkorofi hata kidogo. Mara nyingi ndiye anayesumbuliwa na mwalimu mlezi akapange viti.

Lakini mtoto huyu ana miaka 16, na hapo ndipo jambo lake kubwa lilipo. Katika technikum miaka miwili ya mwanzo ni ya msingi wa sekta, kisha hufanywa mtihani, na anayefaulu anaweza kwenda kujifunza kazi kiwandani au karakanani kwa kile wanachokiita duális. Kecskemét ndiko utaratibu huu ulikozoeleka mapema. Mwaka 2012, mwaka ambao kiwanda cha Mercedes-Benz kilifunguliwa, chuo cha mji huo kilianza kufundisha wahandisi kwa mtindo huo pamoja na kampuni. Kwa wa technikum, kampuni husaini naye szakképzési munkaszerződés. Zamani ulikuwa mkataba wa mwanafunzi. Tangu 2020 ni mkataba wa kazi, na neno hilo si pambo: analipwa mshahara, ana bima, na hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18 ana siku 45 za likizo kwa mwaka, baadaye 30. Kwa kuwa hajafikia utu uzima, bila mzazi mkataba hausimami.

Unaona basi? Shuleni binti ana maoni tu. Kwenye mkataba yeye na mama yake wana ridhaa. Dada yako aache kuhofia kiti cha darasa, aketi na karatasi hiyo usiku mmoja. Asome kazi atakayofundishwa imeandikwa kwa jina au ni "na majukumu mengine", mkufunzi wake ni nani, na saa zake zinaanza lini na kuisha lini. Kama binti anajifunza umeme na miezi mitatu yote anafagia, mwakilishi wa darasa ndiye hasa mtu wa kulipeleka kwa mwalimu, kwa niaba ya wenzake watano wanaofagia pia. Kampuni haichukii hilo kama inavyochukia mzazi anayepiga simu kwa hasira.

Na kama ni raia wa Hungaria na baada ya technikum atataka chuo kikuu kwa ufadhili wa serikali, ajue mapema kwamba kuna deni lisilo la pesa. Ndani ya miaka 20 baada ya kumaliza atatakiwa afanye kazi Hungaria kwa muda uleule aliosomeshwa, la sivyo arudishe gharama. Wanafunzi walilipinga sana majira ya baridi ya 2012 na 2013, hadi kuuteka ukumbi wa mihadhara wa ELTE. Walifanikiwa kuifanya serikali irudi nyuma kwenye mpango wake wa kubakiza nafasi 10,480 tu zenye ufadhili kamili, lakini sharti la kazi likaingizwa kwenye katiba Machi 2013. Kama binti ana ndoto ya kwenda kukaa Tanzania kwa bibi yake, mlizungumze nyumbani kabla hajajaza maombi.

Dirisha la kura la HÖK utaliona ukiingia Neptun, kwenye ujumbe wenye neno választás. Majina usiyoyajua yasikutishe: mwulize mshauri wako ni nani kati yao aliyewahi kujibu barua ya mgeni, umpe huyo.